Bei ya Namba Kumi na Sita

Ilipofika saa tatu asubuhi, Bi Futi alikuwa ameshaupima ukuta wa nje wa nyumba namba kumi na sita mara mbili, na mara zote mbili ukuta haukumsaidia kitu. Upana mita kumi na nne na nusu, kina mita kumi. Vipimo vilikuwa hivyo hivyo kwa namba kumi na mbili, namba kumi na tisa na namba ishirini na tatu, ambazo alizizunguka jana yake mpaka mbwa wa mtaa wakachoka kumbwekea. Zilikuwa nyumba nne za tumbo moja: ramani moja, kampuni moja ya ujenzi, miaka tisa tu tangu zikabidhiwe, bati la kahawia juu na kibustani cha kujionyesha mbele. Tatu kati yake ziliuzwa mwaka uliopita kwa milioni tisini, tisini na nne, na tisini na nane. Hii ya nne, ripoti ilisema ni ya milioni sitini na nane.

Jina la Bi Futi alibandikwa na wenzake wa bodi ya wathamini, kwa ajili ya futikamba ambayo haikumbanduka mkononi hata kwenye harusi za watu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ripoti zinazolalamikiwa. Mthamini aliyekosea alimsahihisha. Aliyekula rushwa alimpeleka mbele ya bodi, na huko leseni yake ilikwenda na maji.

Lalamiko la safari hii liliandikwa kwa hasira na mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Baba yao alifariki miezi kumi na minne iliyopita akawaachia watoto wake wawili nyumba nusu kwa nusu. Mdogo mtu, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alikuwa akiishi humo na mama yao na alitaka kununua nusu ya kaka yake. Benki ilimwahidi mkopo wa milioni thelathini na sita, basi, hata senti haiongezeki. Kwa bei ya sitini na nane angeweza. Bei ikipita sabini na mbili, nyumba inaingia sokoni, na mama anahamia kwa kaka mtu, ghorofa ya nne. Na mama huyo alikuwa amepoteza macho yote mawili miaka miwili iliyopita.

"Mthamini amelishwa," kaka mtu aliandika. "Alikunywa chai nyumbani kwetu. Vikombe viwili."

Bi Futi alibisha hodi. Kitinda alifungua, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa chekechea, ambaye macho yake yalionyesha hakulala vizuri.

"Karibu, dada. Nilijua utakuja, ila sikujua kama utaanzia nje."

"Nje hakudanganyi," alisema Bi Futi. "Nipitishe ndani sasa."

Ndani ndiko kulikokuwa na mambo. Bi Futi alisimama katikati ya sebule akageuka taratibu, kama anayetafuta kitu alichoibiwa. Kona zote za kuta zilikuwa zimeviringwa kwa saruji, hakuna hata moja yenye ncha. Vizingiti vyote vya milango viling'olewa na sakafu ikasawazishwa. Ukuta uliotenganisha vyumba viwili vya nyuma haukuwepo tena, kwa hiyo chumba cha wazazi kilitoka moja kwa moja kwenye korido fupi ya jikoni, na nyumba ya vyumba vinne ilibaki na vitatu. Na kila mahali, kwenye kuta za ndani, lilipita bomba la chuma lenye unene wa mpini wa jembe, limeshikizwa kwa vibao na skurubu.

"Nani alifanya haya?"

"Baba."

"Alikuwa fundi?"

"Alikuwa karani wa posta," alisema Kitinda, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ufundi alijifunzia humu humu. Unaona mwenyewe ule ukuta ulivyopinda."

Bi Futi aliuona. Aliona pia kitu kingine. Kwenye korido, chini ya bomba, kulikuwa na plasta mpya, nyeupe, haijapakwa rangi hata mara moja.

"Baba yako ana miezi kumi na minne kaburini. Hii haina hata miezi sita."

Kitinda aliigusa ile plasta. "Hiyo ni... bomba la maji lilipasuka. Tuliita fundi."

"Lini?"

"Kama miezi mitano."

"Na mthamini alikuja lini?"

"Miezi minne iliyopita," alijibu Kitinda, kisha akaelewa alichoulizwa na uso ukambadilika.

Kabla hajasema zaidi, mama mtu alitokea jikoni. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alitembea kwa mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Mkono mmoja ulibeba sinia ndogo ya vikombe vilivyojaa, mwingine uliteleza juu ya bomba. Alipita korido, akakata kona, akatua sinia katikati ya meza bila tone kumwagika. Kwa dakika nzima Bi Futi aliamini kabisa kwamba amewekewa kipofu wa bandia. Kisha mama akachukua kikombe, akakinyoosha kwa heshima zote kuelekea kiti ambacho wageni hukalia, na kile kiti kilikuwa kitupu.

"Niko huku, mama," alisema Bi Futi kwa sauti ya chini, akakipokea. Aliona aibu, na aibu hiyo haikumtoka mpaka alipomaliza kile kikombe.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alivuka uzio hadi namba kumi na nane, kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akimwagilia maua huku masikio yake yote yakiwa upande wa jirani.

"Nyundo nilizisikia," mwalimu alisema. "Siku tatu mfululizo. Na yule binti alitoa kifusi ndoo kwa ndoo, nikamhesabia ndoo kumi na moja. Mimi si mtu wa kufuatilia mambo ya watu."

"Naona," alisema Bi Futi, akaandika ndoo kumi na moja.

Chini ya kivuli cha gari lake alimpigia simu mthamini aliyesaini ripoti. Huyu alikuwa mzee, Mzee Miwani kwa wote waliopita mikononi mwake, na ndiye aliyemfundisha Bi Futi mwenyewe kushika futi. Simu hiyo alikuwa ameiahirisha tangu juzi.

"Mzee, shikamoo. Mbona nyumba zako za kulinganisha umezitoa ng'ambo ya barabara kuu?"

"Marahaba. Nilitafuta nyumba zilizovunjwavunjwa ndani kama ile. Mtaa ule mpya hakuna hata moja. Ng'ambo zipo tatu."

"Zina miaka thelathini, Mzee. Hii ina tisa."

"Hilo kosa ni langu," alisema mzee. "Liandike kama lilivyo, usinifiche."

"Na chai?"

"Chai nilikunywa. Na kingekuwepo kikombe cha tatu ningekinywa."

Bi Futi alicheka peke yake barabarani. Alimjua mzee huyu. Angekuwa amekula rushwa, angeanza kwa kukana chai. Kwa hiyo mthamini alikosea kwa nia njema, na uchunguzi ulibaki na swali moja: je, binti alibomoa nyumba mwenyewe ili kuishusha bei?

Alipogeuka, gari jeupe lilikuwa limesimama nyuma yake. Kaka mtu alishuka, pande la mtu, funguo zikining'inia kidoleni.

"Umeona mwenyewe, dada? Nyumba imeharibiwa makusudi. Jirani amekwambia habari za nyundo?"

"Ameniambia mpaka idadi ya ndoo. Twende ndani."

Walipoingia, kaka mtu alimwamkia mama yake kwa kifupi, na mdogo wake hakumtazama. Bi Futi alipiga goti koridoni. Aliigonga plasta mpya kwa kifundo cha kidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akaipima, kisha akafungua kijimlango cha chini ya sinki la jikoni, upande wa pili wa ukuta ule ule. Bomba la maji la plastiki lilikuwa jipya, bado lina maandishi ya kiwandani, limeungwa kwenye la zamani lenye kutu.

"Plasta mpya ni mita moja na robo," alisema. "Inafuata bomba lililobadilishwa, haizidi hata shubiri. Ndoo kumi na moja ni kifusi cha hapa. Ukuta wa vyumba viwili ungetoa malori."

"Hiyo ni hapo," alisema kaka mtu. "Na kwingine kote? Nani anajua vilifanyika lini?"

"Wewe."

"Mimi?"

Bi Futi alitoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua pembeni mwa kibao kimoja cha bomba, sebuleni. Chini ya kibao rangi ya ukuta ilikuwa krimu, ile ya kampuni. Pembeni mwake ilikuwa bluu, na hiyo bluu ilipanda juu ya kibao ikafunika hata vichwa vya skurubu.

"Bomba liliwekwa juu ya krimu. Bluu ilipakwa bomba likiwa tayari hapa. Sasa nijibu: nyumba hii ilipakwa bluu lini?"

Kaka mtu alitazama skurubu kwa muda. "Miaka sita iliyopita. Wiki moja kabla ya harusi yangu."

"Na aliyepaka ni nani?"

"Ni mimi." Sauti yake ilishuka. "Nilimuuliza Baba hili bomba la nini. Akasema la kuanikia taulo."

"Taulo sebuleni?"

"Ndivyo nilivyomwambia! Tukagombana. Nikamwambia anaiharibu nyumba nzuri kwa ufundi wake wa kubahatisha. Baada ya hapo kila nikija nakuta amevunja kitu kingine. Mwishowe nikapunguza kuja."

Kitinda alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Kwa upande wa uchunguzi mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyelishwa, hakuna aliyebomoa kwa hila, na Bi Futi angeweza kukunja futi lake akaenda zake. Lakini fomu ya bodi hudai sababu ya marekebisho, na Bi Futi hakuwahi kuiacha fomu na pengo.

"Mama," aliuliza, "marehemu aliyaweka haya yote kwa ajili ya nini?"

"Magoti yake, mwanangu," alijibu mama bila kusita. "Alikuwa akiyalalamikia kila siku. Aliniambia akizeeka atahitaji pa kushika. Bahati tu kwamba yakaja kunifaa mimi."

Bi Futi aliandika "magoti". Kisha akalitazama neno hilo, na kalamu haikuendelea.

Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu amesimama mlangoni, kichwa kikikaribia kugusa mhimili wa juu. Bi Futi alinyanyuka, akalipima bomba kutoka sakafuni. Sentimita sabini na nane. Akaenda kulipima koridoni, kisha jikoni. Sabini na nane, sabini na nane. Karani wa posta alipindisha kila ukuta alioujenga, ila bomba hili lilikwenda sawa kama mstari wa daftari.

"Mama, samahani. Simama kidogo, shusha mkono wako kawaida."

Mama alisimama. Bi Futi alipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja chake, akalikunja futi polepole.

"Marehemu alikuwa akikaa wapi?"

"Pale," alisema Kitinda, akaonyesha kiti kikubwa chenye mikono, karibu na redio.

Bomba lilipita ukuta mzima wa sebule. Lilipofika kwenye kile kiti lilikatika, likaanzia tena ng'ambo yake. Kutoka kwenye kiti hadi bafuni hapakuwa na pa kushika hata kidole. Bi Futi alilifuata bomba kwa miguu, nao wakamfuata yeye. Lilipita jikoni likaishia hatua moja kabla ya jiko. Likatoka mlango wa nyuma, likashuka pamoja na njia ya saruji mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Tawi lingine lilikwenda dirishani, kwenye cherehani.

"Mzee alikuwa anashona?"

"Baba?" Kitinda alicheka kidogo. "Hata kifungo."

"Alikuwa anapika? Anaanika nguo?"

"Jikoni alikuwa haingii, labda kuuliza chakula kiko wapi."

Waliishia chumbani. Bomba lilianzia hapo, kando ya kitanda, upande wa dirisha.

"Mama, unalala upande gani?"

"Wa dirishani. Tangu tuoane. Yeye alikuwa mlangoni, anasema mwizi akija aanze naye."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amewaambia watu mambo mengi mabaya kuhusu nyumba zao: nyufa, mchwa, hati za kughushi. Jambo jema la namna hii hakuwahi kulisema, na hakujua lianzie wapi. Akaona aliseme kama anavyosoma vipimo.

"Mtu mrefu mwenye magoti mabovu anaweka bomba kwenye mkono wake mwenyewe, na kwenye njia zake. Hili limewekwa kwenye mkono wako, mama. Linaanzia unapolala wewe. Linakwenda unapokwenda wewe. Kwenye kiti chake halijafika. Na lilikuwepo miaka sita iliyopita. Macho yako yalikuwaje wakati huo?"

Mama alitafuta kitanda kwa mkono, akaketi.

"Yalikuwa yanaona," alisema. "Kidogo yalikuwa yameanza. Pembeni tu."

"Nani alijua?"

"Hakuna." Alisema kwa ukali, kama mtu anayetetea kitu chake. "Nilikwenda kliniki peke yangu, mwaka mmoja kabla ya harusi ya huyu. Daktari akaniambia yatakwenda yote, ni suala la miaka. Sikumwambia mtu. Nilitaka watoto waoe na kuolewa, nilitaka yeye astaafu kwa raha. Nikijikwaa nasema ni viatu. Nikimwaga chai nasema ni mawazo. Kadi ya kliniki niliiweka chini ya godoro na hakuna aliyeiona."

Kitinda alikwenda kukaa karibu naye. "Mama," alisema taratibu, "godoro alikuwa akiligeuza Baba. Kila mwisho wa mwezi."

Nje, mwalimu mstaafu alifunga bomba lake la maji, na maji yakasikika yakikatika.

"Miaka mitano," mama alisema. "Mimi najifanya naona, yeye anajifanya magoti yanamuuma. Kumbe tulikuwa tunalala kitanda kimoja tukidanganyana."

Kaka mtu alikuwa amesimama na mgongo wake mlangoni, akilitazama bomba alilolizungushia brashi yake mwenyewe akiwa amenuna. "Mbona hakuniambia?" alisema hatimaye. "Ningemsaidia. Ningeleta fundi wa kweli."

"Ungeniambia mimi," alijibu mama. "Nakujua. Siri kwako haikai hata siku moja."

Ilibaki bei. Bi Futi alitamani kwa moyo wote iwe sitini na nane, na akaona afadhali aliseme hilo kuliko kulificha.

"Ningependa kuwaambia ripoti ya kwanza ni sahihi," alisema. "Si sahihi. Nyumba za kulinganisha ziko mtaa huu huu, na wastani wake ni tisini na nne. Natoa nane kwa chumba kilichopungua, natoa tano ambazo mnunuzi atatumia kurudisha kona, vizingiti na kung'oa bomba. Namba kumi na sita ni themanini na moja. Nusu yake ni arobaini na nusu."

Kitinda hakulia wala hakubisha. Alihesabu kimya, ikaonekana usoni mwake alipofika kwenye milioni nne na nusu ambazo hakuwa nazo wala hakuwa na pa kuzitoa. Aliushika mkono wa mama yake.

"Atang'oa," alisema kaka mtu.

"Nani?"

"Mnunuzi. Umesema atatumia tano kung'oa."

"Mnunuzi wa kawaida, ndiyo. Kwake ni vyuma tu."

Kaka mtu aliangalia funguo zilizokuwa mkononi mwake. "Dada, mtu anaruhusiwa kuuza chini ya bei yako?"

"Bei yangu inasema nyumba ina thamani gani. Haimlazimishi mtu kuuza kwa kiasi hicho. Mwenye mali anauza apendavyo, ilimradi awe na akili zake."

"Basi iandike themanini na moja yako, isije bodi ikasema tumekulisha na wewe. Nusu yangu namuuzia huyu kwa thelathini na nne, kama alivyosema yule mzee wa chai." Alimgeukia mdogo wake, na sauti ikakwaruza. "Usinitazame hivyo. Mbili zinazobaki kwenye mkopo utanyooshea ule ukuta uliopinda."

"Ukuta hauguswi," alisema Kitinda, na sasa ndiyo machozi yakamtoka.

Bi Futi aliijaza fomu akiwa amesimama. Alipomaliza, mama alimwomba amsomee bei mara nyingine, polepole.

"Milioni themanini na moja, mama."

"Themanini na moja," alirudia mama. "Na wote tulimwambia anaiharibu. Mimi nilimwambia kuliko wote." Alitaka kucheka, kicheko kikamkatalia, na ndipo alipolia, kwa sauti, kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi. Kaka mtu alitia funguo za gari mfukoni, akaenda kuketi kitandani upande wa pili wa mama, ule wa mlangoni, mahali pa baba yake.